Taipureta za Kisii na Nyamira: Kipuri kimo ndani ya mashine iliyokufa

MAHAKAMA zote nchini zilipoanza kupokea kesi kwa njia ya kielektroniki mnamo Machi 11, 2024, ilikuwa rahisi kudhani kwamba siku za taipureta zimetimia. Kwa miongo mingi wapiga chapa wa kando ya barabara walikuwa sehemu ya miji ya Kenya. Waliketi karibu na mahakama na afisi za serikali wakiandika viapo, barua za kuomba kazi na mikataba ya mashamba, na katika Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira hali ilikuwa iyo hiyo.

Hata hivyo, kazi ya karatasi haijaisha. Sheria ya Mikataba, katika kifungu cha 3(3), inataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe ya maandishi, yatiwe saini na pande zote na kushuhudiwa. Katika eneo la Gusii, ambako watu ni wengi na vipande vya ardhi ni vidogo, makubaliano ya namna hiyo hayakomi. Aidha, shamba la kilimo likiuzwa, ombi la idhini hupelekwa kwa bodi ya kusimamia ardhi, na hapo kuna fomu za kujazwa. Kuingiza jina na nambari katika nafasi finyu ya fomu iliyokwisha kuchapishwa ni kazi inayoisumbua kompyuta na printa yake, lakini taipureta huimaliza kwa dakika moja, na haiulizi kama stima ipo. Ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, mashine ya aina hii haikuhisi lolote.

Tatizo la mwenye taipureta leo ni vipuri, wala si ukosefu wa kazi. Kampuni ya Imperial ya Leicester, Uingereza, iliacha kuziunda katika miaka ya sabini. Olympia ya Ujerumani ilifunga milango mwanzoni mwa miaka ya tisini. Godrej ya India, iliyokuwa miongoni mwa za mwisho kabisa kuunda taipureta zisizotumia umeme, ilisitisha kazi hiyo mnamo 2009. Hakuna duka, liwe la Kisii au la Nairobi, litakaloagiza kipuri kipya kutoka kiwandani, kwa maana kiwanda chenyewe hakipo. Chimbuko kubwa la vipuri lililosalia ni taipureta nyingine iliyokufa, na hizo hupimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma kuukuu.

Ili kufahamu ni kipi cha kuokoa, yafaa kujua mashine hii hufanyaje kazi. Kidole kinapobonyeza kibonye, wenzo huusukuma mkono mwembamba wa chuma wenye herufi kwenye ncha yake. Mikono hiyo yote imepangwa ndani ya mianya ya kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara. Mkono huruka, huugonga utepe wa wino, na herufi hubaki kwenye karatasi iliyozungushiwa rola ya mpira. Papo hapo gurudumu dogo lenye meno huachilia jino moja, na kibebeo cha karatasi husogea kushoto kwa nafasi ya herufi moja. Kibebeo hicho huvutwa na springi kuu iliyojikunja ndani ya kikopo cha chuma, kupitia kamba nyembamba.

Basi mashine ikikataa kusogea, fundi mzoefu hutazama kamba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi imekatika tu. Haihitaji kipuri cha kiwandani: uzi imara wa kuvulia samaki, ule uliosukwa, hufaa sana, na kutoka Kisii hadi Homa Bay au Kendu Bay, ambako wavuvi huutumia kila siku, si mbali. La kuhofia ni springi yenyewe. Kamba ikinyofoliwa ovyo, springi hufyatuka na kujikunjua yote kwa mshindo, na inaweza kuumiza vidole au kuvunjika. Kikopo hushikwa kwa mkono muda wote, na mizunguko yake huhesabiwa ili irudishwe kama ilivyokuwa.

Hitilafu inayozikumba mashine nyingi zaidi, hasa katika milima hii ya Gusii yenye mvua nyingi na vumbi la barabara za murram wakati wa kiangazi, ni mikono ya herufi kunata. Mtu hubonyeza, mkono ukapanda polepole na kukataa kurudi. Wenye mashine wengi hukimbilia kumimina mafuta ya cherehani katika ile mianya ya nusu duara. Hilo ndilo kosa linaloziua taipureta kuliko kutu. Mafuta hushika vumbi, vumbi hugeuka utomvu, na baada ya miezi michache hali huwa mbaya maradufu. Nusu duara husafishwa kwa spiriti na mswaki mgumu, mara tatu au nne, hadi mikono ianguke kwa uzito wake yenyewe, kisha huachwa kavu. Spiriti isifike kwenye rangi wala kwenye sehemu za plastiki, kwani huzibabua. Petroli nayo husafisha vizuri, lakini moshi wake na hatari ya moto havifai ndani ya kibanda chenye jiko. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha mashine nzima, nalo ni la reli ambazo kibebeo hutelezea juu yake.

Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo mahali pengine isingetiliwa maanani, lakini kwa Gusii ina uzito wake. Ni ya ritifaa. Majina ya watu wa hapa, kama Nyang'au, Mong'are au Ong'era, hayaandikiki bila alama hiyo. Katika mashine nyingi zenye mpangilio wa Kiingereza, ritifaa imewekwa juu ya tarakimu 8, hivyo haipatikani ila kwa kubonyeza kwanza kibonye cha herufi kubwa. Kibonye hicho kikilegea, kutegemea muundo wa mashine, kibebeo hakiinuki vya kutosha au nusu duara haishuki vya kutosha, na ritifaa hupiga pembezoni mwa rola bila kuacha alama. Nyang'au akawa Nyangau. Kitambulisho kinasema hivi, mkataba wa shamba unasema vile, na miaka kumi baadaye, mwenye shamba akiwa amefariki na wanawe wakitafuta urithi, wanatakiwa kuthibitisha kwa kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho nacho hulipiwa.

Matengenezo yake hayagharimu chochote ila subira. Pembeni mwa mashine kuna skrubu za kuzuia, moja ya kikomo cha juu na nyingine ya kikomo cha chini, kila moja ikiwa na nati ya kuikaza. Fundi huandika herufi ndogo na kubwa zikifuatana, HnHnHn, na kuzungusha skrubu kidogo kidogo mpaka nyayo za herufi zote zisimame kwenye mstari mmoja. Mkwaju nao huangaliwa papo hapo, kwa kuwa bila mkwaju hakuna namna ya kuandika 500/= jinsi watu walivyoizoea.

Kichwa cha herufi kikikatika au kikisagika kabisa, hapo ndipo mashine iliyokufa inapohitajika. Viwandani vichwa hivyo vilichomelewa kwa risasi kwenye ncha za mikono, na fundi stadi wa redio mwenye chuma cha kuchomelea anaweza kukitoa kimoja na kukiweka kingine. Shida ni kwamba kichwa cha Olympia hakikai vizuri kwenye mkono wa Remington, na hata mashine mbili za kampuni moja zinaweza kuwa na herufi za ukubwa tofauti: moja huandika herufi kumi katika inchi moja, nyingine kumi na mbili. Kwa sababu hiyo, jina la kampuni halitoshi anayetafuta kipuri. Aina ya mashine na nambari yake ya usajili, ambayo aghalabu hugongwa kwenye fremu chini ya kibebeo, ndizo zitakazomwongoza. Skrubu pia zina kabila. Za Uingereza na Marekani hufuata vipimo vya inchi, ilhali za Ujerumani, Italia na Uswidi hufuata milimita. Kulazimisha moja ndani ya tundu la nyingine ni kuliharibu tundu hilo kabisa.

Mwenye Imperial ya afisini ana bahati kidogo. Tangu Model 50 iliyotoka mnamo 1927, kampuni hiyo iliunda mashine ambazo kibebeo, rola na sehemu ya vibonye hufunguliwa kwa mkono na kuhamishiwa mashine nyingine ya aina hiyo. Mbili mbovu zinaweza kuzaa moja nzima alasiri moja. Kwa Olivetti Lettera 32, ile ndogo ya kubeba iliyoanza kuuzwa 1963, kazi ni ya bisibisi na koleo nyembamba. Mwandishi Mmarekani Cormac McCarthy aliitumia mashine ya aina hiyo kwa takriban miaka hamsini, na mwaka 2009 ilipigwa mnada kwa dola 254,500. Za Kisii hazitafikia bei hiyo, lakini vyuma vyake ni vile vile.

Utepe ndio pekee ungali unaundwa mpya, ukiwa na upana wa milimita 13 hivi. Usipopatikana madukani, utepe wa baadhi ya printa za zamani za kugonga una upana unaokaribiana nao na unaweza kukatwa na kuviringwa. Muhimu ni kutoyatupa magurudumu ya chuma ya utepe wa kale, kwani utepe mpya huweza kuja na magurudumu yasiyoingia mahali pake. Baadhi ya mashine pia hutegemea kijitundu cha chuma karibu na mwisho wa utepe ili zigeuze mwelekeo. Kisipokuwapo, utepe hukwama na kutobolewa. Kuurudishia wino kunawezekana, mradi wino uwe wa mafuta. Wino wa muhuri wenye asili ya maji hukauka upesi na kupeleka kutu kwenye vichwa vya herufi.

Rola ni kisa kingine. Mpira wake hugumu kwa umri hadi ukawa kama jiwe la Tabaka, karatasi huteleza na nukta hutoboa. Zipo kampuni ng'ambo zinazovisha rola mpira mpya, lakini nauli ya kwenda na kurudi huizidi bei ya mashine. Njia za hapa ni kuusugua kwa msasa laini hadi tabaka gumu litoke, na kuweka karatasi mbili badala ya moja. Roli ndogo za chini, zile zinazoikamata karatasi, huweza kuvishwa tyubu ya baiskeli.

Linalosalia ni kuzifikia mashine zilizolala kabla ya mizani ya vyuma kuukuu kuzifikia. Taipureta ya afisini ina uzito wa zaidi ya kilo 15, na hilo ndilo linalomvutia mnunuzi wa chuma. Biashara hiyo ilipigwa marufuku Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya milingoti ya umeme, ikaruhusiwa tena Mei mwaka huo. Shule za umma na afisi za kaunti haziruhusiwi kuuza kiholela. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inataka kamati ya kuuza mali ikae, na miongoni mwa njia inazotaja ni kuihamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni ya wazi na mnada wa hadhara. Fundi au mpiga chapa anayetaka vipuri basi hana sababu ya kunong'onezana na mlinzi wa stoo. Aandike barua kwa mkuu wa shule au afisa wa ununuzi akiuliza mnada ni lini, na aombe taipureta ziuzwe kama fungu la peke yake, zisichanganywe na viti vilivyovunjika na mabati. Fungu dogo la namna hiyo linaweza kununuliwa na mtu wa kawaida.

Akishazipata, asizipakie kwenye matatu zikiwa na kibebeo kinachocheza. Kibebeo husogezwa katikati, kikafungwa kwa kamba pande zote mbili, na mashine ikasafirishwa ikiwa imesimama kwa miguu yake. Nyumbani isiwekwe kwenye sakafu ya saruji wala kufunikwa kwa karatasi ya nailoni, ambayo hufungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba kinatosha.