Fahamu: Ununuzi wa anasa katika balozi hudhibitiwa vipi?

Msingi wa jambo hili ni Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia. Ibara ya 36 inaitaka nchi mwenyeji iruhusu bidhaa za matumizi rasmi ya ubalozi, na za matumizi binafsi ya mwanadiplomasia na familia yake, ziingie bila ushuru wa forodha. Gari la kifahari au katoni ya mvinyo vinaweza kuwamo.

Je, msamaha huo una mipaka?
Ndiyo. Ibara hiyohiyo inaipa nchi mwenyeji mamlaka ya kuweka sheria na taratibu zake. Ibara ya 42 inamkataza mwanadiplomasia kufanya biashara kwa faida binafsi.

Marekani hufanyaje?
Wizara ya Mambo ya Nje hutoa kadi za msamaha wa kodi ya mauzo. Kiwango cha msamaha hutegemea jinsi wanadiplomasia wa Marekani wanavyotendewa katika nchi anakotoka mwenye kadi.

Na Korea Kaskazini?
Mwaka 2006, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kuiuzia nchi hiyo bidhaa za anasa. Ili kubana mianya ya kukwepa vikwazo, azimio lake la 2016 liliagiza kila ubalozi wake, na kila mwanadiplomasia wake, awe na akaunti moja tu ya benki katika nchi mwenyeji.

Msamaha huu upo ili ubalozi ufanye kazi yake. Anayeugeuza kuwa mlango wa magendo anawaibia wananchi kodi yao, na serikali isimfumbie macho.