Mtoto anasomea uenjeniere: minervali peke yake haitoshi

Koperative kadhaa zinachanga feza juu ya kulipia kijana minervali, asomee uenjeniere, kisha arudi kutusaidia na mashini na mifereji ya maji. Mwaka wa kwanza tunasikia: ameanguka katika hesabu. Watu wanasema ni mvivu. Tungoje kwanza.

Kule Marekani, kwenye univerisite ya Berkeley, jambo hili lilichunguzwa miaka ya 1970. Wanafunzi weusi wengi walikuwa wanaanguka katika kalkulusi, ile hesabu ambayo usipoipita huwezi kuwa enjeniere. Walimu walidhani hawana bidii, ao wazazi wao hawajali. Uri Treisman akafuata wanafunzi weusi 20 na wengine 20 wenye asili ya China, aone namna gani wanasoma. Bidii ilikuwako, na wazazi waliwasukuma sana. Lakini mweusi alisoma peke yake. Akikwama, alizani ni yeye tu. Wale wa asili ya China, kila mmoja alifanya mazoezi yake kwanza, halafu jioni walikutana, wakala pamoja, wakasahihishana. Kama wote wamekosa, walijua zoezi lenyewe iko nguvu.

Msaada kwa «wazaifu» ulikuwako tayari, na wenye kujiheshimu waliukimbia. (Nani anapenda kuonyeshwa kidole?) Treisman akafanya kinyume: akawaita kama watu wenye uwezo, akawapa mazoezi magumu kuliko ya darasani, wayafanye kwa vikundi vidogo. Watu wa rangi zingine pia waliingia. Weusi wa vikundi vile walipata alama nzuri kupita wenzao weusi waliobaki nje, na mara mingi kupita hata wazungu.

Sisi tunajua likelemba: leo shamba lako, kesho langu. Lakini mtoto tunamtuma mjini peke yake na bahasha ya feza. Afazali koperative jirani zipatane, watoto wao wajuane tangu siku ya kwanza. Na binti tusimsahau. Kama anakaa kwa ndugu na kila jioni ni yeye wa kupika, kikundi cha jioni hakimfai. Tuzungumze na wenye nyumba mbele ya masomo kuanza, ao kikundi kikutane mchana.

Siku ya kulipa sehemu ya pili ya minervali, pamoja na kuuliza alama, tumuulize tena: unasoma na nani?