Lenzi ndefu ya kupigia wanyama: ipi ununue, ipi ukodi

Kiangazi kikishika, kati ya Juni na Oktoba, Mto Ruaha Mkuu hupungua na wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha husogelea maji yaliyobaki. Ndipo mtu wa Iringa au Mbeya mwenye kamera anapoanza kuulizia bei ya lenzi ndefu, mara nyingi akiwa na wiki mbili za kuamua na pesa isiyotosha.

Ushauri nautanguliza ili mwenye haraka asisumbuke. Kama tayari una kamera ya kubadilisha lenzi, tafuta lenzi iliyotumika inayofika milimita 250 au 300, yenye kituliza mtikisiko, uishie hapo. Kama huna kamera kabisa, chukua ile ya kipande kimoja yenye zumu ndefu ya kudumu. Lenzi yoyote kubwa kuliko hizo kodi kwa siku moja, usinunue.

Kwa nini 300 inatosha? Kamera nyingi za wanaoanza zina kihisi kidogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35, kwa hiyo hukata kingo na kumsogeza mnyama. Lenzi ya 300 inaona kama ya 450 au 480. Tembo anayekunywa maji karibu na barabara utampata kwa 100 au 200, wala hutaitumia yote. Simba aliyelala chini ya mti, twiga, tandala: 300 inamaliza kazi. Ndege ndio shida. Kwa ndege hata 600 huonekana fupi, na kama lengo lako ni ndege wa nyanda za Kitulo, hesabu inageuka kabisa, nitaifikia.

Sasa bei. Lenzi ndogo za kuvuta za 55 hadi 250, zilizotengenezwa kwa kamera za wanaoanza, huuzwa zikiwa zimetumika kwenye masoko ya ng'ambo kwa kati ya dola 100 na 150. Ukipiga kwa Sh 2,500 kwa dola, ni laki mbili na nusu hadi karibu laki nne kabla ya gharama ya kuifikisha. Ni nyepesi, zina kituliza mtikisiko, na zipo nyingi kwa sababu huuzwa pamoja na kamera na wenyewe hawazitumii. Mwili wake ni wa plastiki, ndiyo. Ukiitunza itadumu. Ukiiangusha mara moja kwenye sakafu ya gari, kwaheri.

Lenzi za 70 hadi 300 ndipo penye mtego. Zipo mbili zinazofanana jina na sura, na moja huuzwa bei ya chini hadi mnunuzi anaona ameokota dodo. Hiyo ya bei ya chini mara nyingi haina mota ya fokasi ndani yake. Hutegemea mota iliyomo kwenye kamera, na kamera nyingi za wanaoanza hazina mota hiyo. Utalazimika kuzungusha fokasi kwa mkono huku swala anakimbia. Tena haina kituliza mtikisiko. Usiulize “inafanya kazi?” kwa maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza kama ina mota yake na kituliza chake, kisha ifunge kwenye kamera YAKO, si ya muuzaji, ubonyeze kitufe nusu usikie ikivuta fokasi.

Ukishika lenzi ya mtumba, washa tochi ya simu na uimulike kutoka nyuma. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni ukungu, na katika miji yenye mvua ndefu na baridi kama Mbeya ukungu haupungui, unaongezeka. Zungusha zumu taratibu: ukisikia mchanga ukisaga, rudisha. Mwisho ivute hadi 300, piga picha ya maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara, kisha uikuze kwenye kioo. Muuzaji asiyekupa dakika tano za kazi hii anauza tatizo.

Lenzi za 150 hadi 600 ndizo zinazowatia watu madeni. Moja ya zile zilizofanya aina hii ijulikane ilitoka mwishoni mwa 2013 kwa dola 1,069, ikabeba uzito wa karibu kilo mbili. Hata ikishuka bei baada ya kutumika, bado unalipa mara kadhaa ya lenzi ndogo, na hujahesabu begi litakaloienea, kichujio cha mbele chenye kipenyo kikubwa na bei yake kubwa, wala kitu cha kuiegemeza. Alfajiri, simba wanapotembea, tundu lake ni finyu na picha huja na chengachenga. Mwanafunzi wa picha hana haja ya mzigo huo.

Usidanganyike pia na vitu vitatu vya bei rahisi. Kioo cha kubana kwenye simu hukuza mnyama pamoja na ukungu wa kingo zake. Kipande cha kuongeza urefu, kile cha mara mbili, hupunguza mwanga hadi robo, na kwenye lenzi ya kawaida fokasi ya kamera nyingi hukata tamaa. Halafu ile lenzi fupi nene ya 500 yenye vioo vya kuakisi: fokasi ya mkono, bila kituliza, tundu lisilobadilika. Bei yake inavutia, lakini kwa anayeanza ni pesa iliyopotea.

Kamera ya kipande kimoja sasa. Zipo zinazovuta mara 50 au 60, yaani sawa na milimita 1,200 na zaidi kwa kipimo cha filamu ya zamani. Hakuna lenzi ya kununua, hakuna vumbi linaloingia ndani wakati wa kubadilisha, na ndege wa Kitulo aliye mbali anaonekana jicho. Kasoro yake ni kihisi kidogo sana: jua likizama, nayo imezama. Na ukishaizoea hutaweza kuiongezea chochote. Kwa mtu anayetaka picha za familia, simu na albamu, si za kuchapa bango, mimi naona ndiyo thamani bora ya pesa kuliko zote. Kabla ya kulipa uliza upatikanaji wa betri, maana aina nyingi zimeacha kutengenezwa.

Gharama zilizojificha ndizo zinazoua bajeti. Ukiagiza nje, kuna ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru wenyewe, halafu ada ya anayekutolea mzigo. Bei uliyoiona kwenye kioo cha simu si bei. Ukinunua Kariakoo na kutumiwa kwa basi, kuna nauli ya kifurushi, makato ya kutuma pesa, na hatari ya lenzi kufika imepasuka huku kila mtu akimtupia mwenzake lawama. Mafundi wa lenzi ni adimu huku nyanda za juu. Ikiharibika huenda ikabidi irudi Dar es Salaam. Kwa hiyo lenzi iliyo mkononi mwa mtu wa mjini kwako, unayeweza kumfuata wiki ijayo, ilipie hata elfu ishirini au thelathini zaidi. Ongeza kadi ya pili, betri ya pili na kikinga jua cha mbele. Kichujio cha bei poa kiache: hupunguza ukali wa picha uliyolipia.

Na kukodi? Wapiga picha za harusi wa Mbeya na Iringa ndio wenye lenzi za 70 hadi 200 zenye tundu pana, zile nzito za bei kali. Wengine hukodisha kwa siku, kwa amana au kwa kuacha kitambulisho. Tatizo ni kwamba msimu mzuri wa Ruaha ndio huohuo wa harusi, baada ya mavuno. Jumamosi hutaipata, na ukiipata utalipa. Omba Jumatatu hadi Alhamisi, au kipindi cha Kwaresima ambapo harusi za kanisani hupungua, ingawa hapo mvua zinanyesha na majani ya Ruaha ni marefu. Kabla ya kuichukua, ipigeni picha pamoja kila upande, na mkubaliane kwa maandishi nani analipa ikikwaruzika. Mwisho hakikisha inafunga kwenye kamera yako. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera za kampuni moja kwa kawaida haikai kwenye za nyingine.

Usiende kujifunzia Ruaha. Kwa aliyeko Mbeya, bustani ya wanyama ya Ifisi, pale Mbalizi, inafikika kwa daladala. Piga simu kwanza uulize kiingilio na kama kamera hutozwa peke yake. Wanyama wa nyuma ya uzio wanafundisha jambo moja zuri: sogeza lenzi karibu na wavu kadiri unavyoruhusiwa, fungua tundu lote, subiri mnyama akae mbali na wavu, na wavu utayeyuka kwenye picha. Kwa 300 weka kasi ya 1/500 au zaidi, hata kama ISO itapanda. Aliyeko Iringa ana mijusi kwenye miamba na mwewe juu ya masoko. Mjusi anayetingisha kichwa ni mwalimu mgumu wa fokasi, na hana kiingilio.

Nyenzo ya kuegemeza lenzi dirishani usiinunue dukani. Mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharage, uliofungwa legelege, unashika lenzi vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu ambayo haina nafasi ndani ya gari. Zima injini kabla ya kupiga. Jioni maharage yanapikwa.

Hesabu ya Ruaha yenyewe si ya kutisha kwa Mtanzania. Kiingilio cha mtu mzima kimekuwa Sh 5,000 kabla ya VAT, yaani Sh 5,900. Gari lenye namba za Tanzania lisilozidi kilo 2,000 limekuwa Sh 20,000, yaani Sh 23,600. Magari mazito hulipa zaidi. Mkiwa wawili, ni Sh 17,700 kila mmoja. Mkiwa watano, ni Sh 10,620. Kinachokula pesa ni mafuta na gari la kukodi. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, bado mzunguko wa ndani, kwa hiyo jaza tanki mjini. Anayetoka Mbeya ana zaidi ya kilomita 300 kufika Iringa kwanza, na lazima alale.

Kulala kijiji cha Tungamalenga, nje ya hifadhi, kunakuepusha na ada ya kulala ndani kwa kila kichwa, lakini utaamka gizani ili uwahi lango. Kwa picha, saa ya kwanza na ya pili asubuhi ndizo zenye thamani. Kufikia saa tano joto linatikisa hewa na hakuna lenzi inayoponya hilo. Ukikodi gari kijijini, ulizia maneno haya kabla ya kutoa amana: je, bei ina mafuta? Ina kiingilio cha gari na cha dereva? Inahesabiwa kwa gari au kwa kichwa? Inaisha saa ngapi? Funga lenzi ndefu tangu asubuhi, usiibadilishe kwenye vumbi, na mandhari piga kwa simu.

Langoni usitegemee kulipa taslimu. Malipo hupita kwa namba ya malipo ya serikali au kadi, na mtandao ukigoma utasimama huku jua likipanda. Lipa ukiwa Iringa mjini. Viwango vya hifadhi huenda kwa mwaka wa fedha, kuanzia Julai 1, hivyo anayepanga safari ya Julai asitumie risiti ya jirani ya mwezi Mei.