Bukavu: Umeme ukikatika, zima resho kwanza mbele ya kuwasha mbabula

Ni saa kumi na mbili za jioni katika komini ya Kadutu. Mama ameweka sufuria ya maharagi kwenye resho ya umeme. Maji yanaanza kuchemka, kisha giza. Hakuna anayeshangaa. Mtoto mmoja anatafuta simu ili aangaze, mwengine anatumwa kununua makala, na baada ya nusu saa maharagi yamehamia kwenye mbabula inje ya nyumba. Resho inabaki pale mezani, butoni yake ikiwa bado kwenye namba ya juu. Hakuna anayeikumbuka, kwa sababu imekuwa baridi. Na kwa sababu ni baridi, mtu anaweka juu yake kitambaa cha jikoni, mwengine sahani ya plastiki, mwengine daftari la shule.

Umeme unarudi saa nane za usiku. Watu wote wamelala.

Wakaaji wa Bukavu hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Katika Kadutu na hata katika sehemu fulani za Bagira na Ibanda, nyumba za mbao zimebanana, mabati yanagusana, na kuna vichochoro ambamo gari la kuzima moto haliwezi kupita. Moto ukianza kwa mmoja, jirani anatoa godoro lake kabla ya kuuliza ni kwa nani. Kila mara, zaidi wakati wa kiangazi, tunasikia sababu ile ile: kortsirkwi. Neno hilo limekuwa kama jina la mchawi wa mtaa. Likishatajwa, hakuna anayeuliza zaidi. Lakini kortsirkwi ni nyaya mbili kugusana pahali zisipopaswa kugusana, na kuna kitu kilichoziyeyusha ngozi ao kuzikwaruza mbele ya siku hiyo. Jikoni ndipo pahali pa kwanza pa kutazama, kwa kuwa hakuna chombo kinachovuta umeme mwingi nyumbani kama resho.

Mimi mwenyewe siandike haya kama mwalimu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilipanga chumba pamoja na wenzangu wawili. Asubuhi moja niliweka muchele kwenye resho, umeme ukakatika, nikachukua mfuko wangu nikaenda kusoma. Niliporudi saa sita nilikuta watu wamejaa katika parseli. Sufuria ilikuwa nyeusi ndani na inje, kitambaa cha plastiki cha meza kilikuwa kimeyeyuka, na ubao wa meza ulikuwa umeungua hadi chini. Jirani, mama mwenye kuuza ndizi, ndiye aliyesikia harufu na kukimbia kukata umeme kwenye dijonkteri. Alinitukana mbele ya watu wote. Alikuwa na haki.

Kukatika kwa umeme katika mji wetu si jambo la kuisha kesho. Bukavu inategemea sana mitambo ya mto Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilianza kufanya kazi mwaka wa 1958, wakati mji ulikuwa na watu wachache sana kuliko leo. Ruzizi ya pili, ya mwaka wa 1989, inagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Tena, chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa katika mitaro inashuka ziwani, inaingia mtoni, na inaenda kuziba mitambo hiyo hiyo. Kwa hiyo delestaji itaendelea, na resho itaendelea kusahauliwa ikiwa haitakuwa desturi ya kila nyumba: umeme ukikatika, mkono wa kwanza unaenda kwenye butoni, na mkono wa pili unachomoa fishi kwenye prizi. Makala yanakuja nyuma.

Kwa nini kuchomoa, wakati butoni imeshazimwa? Kwanza, butoni za resho nyingi zinazouzwa sokoni hazidumu. Baada ya miezi fulani butoni inazunguka bila kushika, na resho inaendelea kuwaka hata ukiwa umeirudisha kwenye sifuri. Pili, umeme unaporudi, mara nyingine unarudi na nguvu ya kupita kiasi. Resho ya wati 1000 iliyotengenezwa kwa volti 220, ukiipa volti 250, inatoa karibu wati 1300. Na jioni, wakati mtaa mzima unapika, mambo yanageuka: volti zikishuka hadi 160, resho hiyo hiyo inabaki na wati 530 hivi, karibu nusu. Ndiyo maana wamama wanalalamika kwamba maharagi hayaivi. Resho haijaharibika. Ni umeme uliofika ukiwa umechoka. Usijaribu kuiponya kwa regilateri ndogo ya televizheni, maana haiwezi kubeba mzigo huo na ndiyo itakayoungua kwanza.

Tuzungumzie mzigo kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinakosea. Resho ya plaki mbili, moja kubwa na moja ndogo, inavuta wati 2500 hivi zikiwaka zote mbili. Hiyo ni sawa na taa zaidi ya 250 za LED zenye wati 9. Kwa volti 220, ni amperi 11 zinazopita katika waya mmoja. Prizi nzuri inabeba amperi 16, basi prizi moja na resho moja hakuna shida. Shida ni pale prizi hiyo inapobeba multiprizi, na multiprizi inabeba resho, pasi, friji na simu tatu. Shida kubwa zaidi ni parseli ambamo familia tatu zinakula umeme kwenye waya mmoja uliovutwa toka kwa jirani. Resho tatu za wati 2500 zinafanya amperi 34. Waya wa taa wa milimita 1.5 haukuumbwa kwa kazi hiyo. Hautakatika mara moja, la. Utapata moto polepole ndani ya ubao wa nyumba, siku kwa siku, ngozi yake ikikauka na kupasuka, mpaka jioni moja.

Dijonkteri ipo ili ikate mbele ya hapo. Ikiruka kila mara unapowasha resho, inakuambia kitu. Lakini wengi wetu tunamwita kijana wa mtaa, anaibadilisha kwa dijonkteri kubwa zaidi, ao anatoa fuzi na kuweka kipande cha waya, na tunamshukuru kwa kuwa sasa haikatiki tena. Ni kama kumlipa mtu ili amnyamazishe mbwa anayebweka kwa sababu ya mwizi. Dawa ni waya, si dijonkteri: milimita 2.5 kwa prizi za jikoni, na laini ya resho peke yake ikiwezekana. Mwenye uwezo wa kununua kuriziyer kamili ya plaki nne na furu ajue kwamba inaweza kupita wati 7000. Hiyo haiingizwi kwenye prizi ya kawaida hata siku moja. Inahitaji waya wa milimita 6 unaotoka moja kwa moja kwenye dijonkteri yake ya amperi 32, na waya wa kijani na manjano unaoshuka katika udongo. Bila waya huo wa udongo, siku umeme utakapovuja ndani ya chombo, bati lake lote litakuwa umeme, na atakayelishika akiwa na miguu ndani ya maji ndiye atakayeupeleka chini.

Kuna jaribio ambalo halihitaji fundi wala pesa. Washa resho kwa dakika 15, izime, kisha shika fishi na waya kwa mkono mkavu. Ikiwa vugu vugu, sawa. Ikiwa moto wa kukufanya utoe mkono, ao ukiona prizi imekuwa ya kahawia, acha kuitumia mpaka fundi aibadilishe. Kama unatumia ralonji, ikunjue yote. Ralonji iliyobaki imejikunja kama nyoka chini ya meza inajipasha moto yenyewe.

Sokoni utakuta aina mbili. Ya kwanza ni ile ya bei ya chini yenye waya uliojisokota, uliolala wazi katika mifereji ya udongo. Waya huo, unapouona mwekundu, una umeme ndani yake. Mchuzi ukimwagika, ao kijiko cha chuma kikigusa, umeme unaweza kupanda hadi kwenye mkono wako. Ya pili ina plaki ya chuma iliyofungwa. Inachelewa kupata moto, inagharimu zaidi, lakini waya wake umefichwa. Ikiwa nyumbani mna watoto wadogo, ngojeni mwezi mmoja zaidi mununue ya pili.

Na sasa bugali. Karatasi zinazokuja na resho haziandikwi na watu wanaosonga bugali. Zinasema uweke chombo pahali pa usawa, basi. Lakini mama wa Bukavu akiweka unga, anashika mwiko kwa mikono miwili na kusukuma kwa nguvu za mwili wote. Mbabula ni nzito, na sufuria inakaa ndani yake. Resho ni nyepesi, ina miguu minne ya mpira, na sufuria inateleza juu ya chuma laini. Ndipo maji ya moto yanamwagikia mtoto aliyesimama pembeni. Suluhisho ni la kizamani: tia resho chini, kwenye simenti ao juu ya jiwe pana, mbali na ukuta wa mbao, kisha wakati wa kusonga toa sufuria, iweke kwenye kata ao kitambaa chenye maji sakafuni, mtu aishike kwa masikio yake, na usonge hapo. Ukimaliza unaweza kuirudisha kwa dakika chache. Meza yenye kitambaa cha plastiki si pahali pa resho, hata kama jikoni ni dogo.

Chini ya sufuria pia kuna neno. Sufuria zetu nyingi za aluminiamu zimebonyea kwa kupigwa pigwa kwenye mbabula, zinagusa plaki pahali pawili tu, na moto mwingi unapotea hewani. Ile iliyo sawa chini, yenye upana wa plaki yenyewe na kifuniko chake, inapika mbio zaidi kwa uniti zile zile. Maharagi yalale ndani ya maji usiku. Na plaki ya chuma inashika moto kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa: zima muchele mbele haujakauka kabisa, utamalizika wenyewe.

Mafuta yanataka mtu asimame hapo. Unapokaanga sambaza, ao unapochoma mawese mpaka yawe meupe, usiende kupokea simu. Mafuta yakiwaka ndani ya karai, usimwage maji hata tone. Maji yanaruka pamoja na mafuta na kuupandisha moto mpaka kwenye dari. Kata umeme, funika karai kwa kifuniko ao sahani ya chuma, na uiache ilivyo mpaka ipoe. Waliozoea kuibeba inje ndio wanaoungua miguu.

Kusafisha ni kazi ya asubuhi, fishi ikiwa imechomolewa na plaki ikiwa baridi. Kitambaa chenye maji kidogo na sabuni kinatosha. Usiioshe resho katika beseni kama sahani, na usimwage maji juu yake ili itoe sombe iliyokauka. Lowanisha kwa kitambaa, ngoja, kisha futa. Baadaye iwashe dakika mbili ili chuma kikauke, na ukishaizima na kupoa uipake mafuta kidogo sana, kutu haitakuja. Inapokuwa mpya, iwashe bila sufuria kwa dakika tano, mlango ukiwa wazi. Itatoa moshi kidogo, usiogope.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza; ikishindikana, simama pahali pakavu na umsukume kwa fimbo kavu ya mti. Mtu akiungua, weka kidonda chini ya maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha umpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, yai na mawese vinaifunga joto ndani ya ngozi na vinampa muuguzi kazi ya kuvikwangua.

Kuhusu ile mbabula inayochukua nafasi ya resho wakati wa giza: ikae inje, ao chini ya baraza. Usiku wa mvua wengi wanaiingiza chumbani pamoja na watoto na kufunga dirisha. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na anayeivuta akiwa usingizini haamki ili kufungua mlango.

Jirani yule muuza ndizi, siku hizi, umeme ukikatika anazunguka parseli nzima akiwa na tochi. Anapiga kwenye kila mlango na kuuliza swali moja tu: resho umeizima?