Kazi tano kwa mkupuo zinavyomtia hasara mfanyabiashara wa mpakani

Namanga, Busia, Mutukula au Tunduma, anayesifiwa kuwa mchapakazi ni yule anayefanya mambo matano kwa wakati mmoja. Simu iko sikioni akimjibu mteja, vidole vinahesabu noti, jicho liko kwa vijana wanaopakia magunia, na pembeni wakala wa forodha anamsubiri atie saini. Kwa anayemtazama, huo ndio uhodari wa biashara. Jioni anapofungua daftari, hesabu haifungi, na hakumbuki ni wapi ilipoharibika.

Hasara ya aina hii huwa haina wa kulaumiwa. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyelala kazini. Kilichotokea ni kwamba akili moja ilipewa kazi nyingi kwa mkupuo.

Wanaochunguza utendaji wa akili wanasema binadamu hafanyi kazi mbili za kufikiri kwa wakati mmoja. Huruka kutoka hii kwenda ile na kurudi, tena kwa haraka kiasi kwamba mwenyewe hudhani anazifanya zote pamoja. Kutembea huku unaongea kunawezekana kwa sababu miguu imeshazoea. Kupiga hesabu ya kubadilisha fedha huku unabishana bei ya vitunguu ni jambo jingine.

Mwaka 2001, watafiti watatu wa Marekani, Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hupoteza muda kila wanapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na kwamba muda huo huongezeka kazi zinapokuwa ngumu. Mwaka 2009, mtafiti Sophie Leroy aliongeza jambo ambalo kila mfanyabiashara amelionja: ukiiacha kazi kabla haijaisha, sehemu ya mawazo hubaki huko nyuma. Mikono imeshika kazi mpya, akili bado iko kwenye ile ya zamani.

Tarakimu mbili, nusu milioni

Mpakani gharama ya kuruka huko huonekana kwenye fedha. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayebadilisha shilingi 85,000 za Kenya kwa kiwango cha shilingi 19 za Tanzania. Anapaswa kupokea 1,615,000. Simu inaita katikati ya hesabu, anajibu, na akirudi kwenye kikokotoo anaandika 58,000 badala ya 85,000. Jibu linasomeka 1,102,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na shilingi 513,000 zimekwenda. Anayebadilisha fedha barabarani hana haraka ya kumkumbusha.

Matapeli nao wanajua udhaifu huu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haumnasi mtu aliyetulia. Humnasa aliyekuwa kweli anasubiri kutumiwa namba na muuzaji, akausoma huku akielekeza gari lirudi nyuma. Jina la mpokeaji hujitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha, lakini halimsaidii asiyelisoma.

Kwenye karatasi hali ni hiyohiyo. Chini ya utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa kutumia cheti rahisi cha uasili. Ni fomu fupi iliyokusudiwa kumwondolea mfanyabiashara mdogo usumbufu. Hata hivyo, magunia 40 yakiandikwa 14, au thamani ikikosewa, afisa ana haki ya kuuzuia mzigo mpaka maelezo yalingane. Mwenye nyanya juani anajua saa tatu za kusubiri zina maana gani.

Somo kutoka kwa marubani

Waliolazimika kulitafutia tatizo hili dawa mapema ni marubani. Septemba 1974, ndege ya shirika la Eastern Airlines ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani. Uchunguzi ulibaini kuwa rubani na msaidizi wake walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu safari, wakaacha kufuatilia ipasavyo kimo cha ndege. Mwaka 1981, mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilitunga kanuni: wakati wa kuruka, kutua na safari nyingine chini ya futi 10,000, isipokuwa ile ya kawaida angani, hakuna mazungumzo wala shughuli isiyohusu usalama wa ndege.

Kanuni hiyo haikuwataka marubani wanyamaze safari nzima. Ilitenga dakika za hatari na kuzilinda. Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anaweza kuiga.

Kumwambia azime simu siku nzima ni kumwambia afunge duka. Mteja asipojibiwa humpigia mwingine. Wengine wako peke yao, na mtoto mgongoni. Lakini dakika zake za hatari zinahesabika: kuhesabu au kubadilisha fedha, kutuma fedha kwa simu, kuhesabu mzigo unapopakiwa na unaposhushwa, na kujaza fomu za forodha. Nyingi humalizika ndani ya dakika 10.

Katika dakika hizo, simu inayopokea wateja ikae mfukoni bila sauti. Ujumbe mfupi ulioandaliwa mapema, kama "Nahesabu mzigo, nakupigia baada ya dakika 10", humtuliza mteja kuliko simu inayojibiwa nusunusu. Hesabu iliyokatizwa ianzwe upya kutoka moja, bila kukisia ilipoishia. Kila gunia likipanda garini, alama iwekwe daftarini. Namba ya kutumia fedha isomwe kwa sauti pamoja na jina, ndipo namba ya siri iingizwe.

Wanaosafirisha mizigo kwa pamoja wana nafasi zaidi: mmoja ashike simu za wote wakati mwenzake anahesabu, kisha wabadilishane. Haigharimu shilingi.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mfanyabiashara wa mpakani hana budi kupita njia nyingi kila siku, na fedha zenye majina tofauti mfukoni. Anachoweza kuchagua ni kumaliza moja kabla ya kuanza nyingine, hasa pale ambapo kosa moja linabeba faida ya wiki nzima.