Picha ya dagaa kutoka Guta na utando wa sumaku unaozuia mwanga kurudi nyuma

Mfanyabiashara wa dagaa aliyeko Guta, wilayani Bunda, anapiga picha mzigo wake uliokauka vizuri na kuitupia kwenye grupu la WhatsApp. Mteja aliyeko Bunda mjini anaiona sekunde chache baadaye. Wote wako mkoa mmoja wa Mara, lakini picha imeshatoka nje ya nchi na kurudi, kwa sababu seva kuu za WhatsApp hazipo Tanzania.

Safari hiyo hupita kwenye mkongo wa faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga. Mkongo wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukafuata 2010. Mei 12, 2024 yote miwili ilikatika baharini kusini mwa Tanzania, na intaneti ikasuasua nchi nzima. Siku hiyo bando lilikuwepo, mtandao haukuwepo.

Mkongo ukikatika kila mtu anajua. Kuna kifaa kingine kwenye mfumo huohuo ambacho hakuna anayekitaja: kipande cha sumaku kinachopitisha mwanga.

Tatizo ni mwanga unaorudi

Data hutumwa na leza. Mwanga ukifika kwenye maungio ya nyaya, sehemu yake hudunda na kurudi ulikotoka. Ukiingia tena kwenye leza, leza inayumba na data zinaharibika. Vipaza mwanga vilivyowekwa chini ya bahari, kila baada ya makumi ya kilomita, navyo vinasumbuliwa hivyohivyo.

Kinachotakiwa ni kitu kama mgono wa samaki: kuingia ruksa, kutoka hakuna. Shida ni kwamba kioo cha kawaida hakijui kubagua. Kinachopitisha mwanga kwenda kitapitisha pia kurudi.

Dawa ilitokana na ugunduzi wa Michael Faraday wa Uingereza. Mwaka 1845 aligundua kuwa sumaku inaweza kuzungusha mtetemo wa mwanga unaopita kwenye kioo.

Fikiria kiganja kinachopita kati ya nondo za dirisha zilizosimama wima. Kikiwa wima kinapita, kikilala kinagonga. Kwenye kifaa hiki mwanga hupita "nondo" za kwanza, kisha utando wa sumaku unauzungusha nyuzi 45, na "nondo" za pili zimeinamishwa nyuzi 45 ili zikubali. Mwanga ukirudi, utando unauzungusha nyuzi 45 nyingine upande uleule. Jumla inakuwa 90, na mwanga unagonga "nondo" za kwanza.

Siri iko kwenye hayo maneno "upande uleule". Hata maji ya sukari huzungusha mwanga (ndiyo, sukari hii ya chai), ila ukirudi yanaurudisha ulivyokuwa. Sumaku hairudishi.

Kuotesha utando

Utando huo ni ganeti, ndugu wa vito vinavyochimbwa bonde la Umba mkoani Tanga, ila huu hutengenezwa maabara kwa chuma, oksijeni na madini adimu kama itriamu. Wataalamu huyeyusha mchanganyiko kwenye joto la takriban nyuzi 900, kisha huchovya kisahani cha ganeti nyingine isiyo na sumaku. Utando huota juu yake, tabaka kwa tabaka.

Mpangilio wa atomi za utando lazima ulingane na wa kisahani. Usipolingana, utando hupasuka kama plasta iliyopigwa kwenye ukuta usioishika. Wakiongeza bismathi, nguvu ya kuzungusha mwanga hupanda sana: badala ya unene wa milimita mbili hivi, karibu nusu milimita inatosha.

Kazi ngumu ni kuuweka kwenye chipu ya silikoni. Atomi za silikoni hazilingani na za ganeti, na vikipata joto kila kimoja hutanuka kivyake. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kuwa inawezekana, lakini sehemu kubwa ya mwanga ilipotea njiani. Ndiyo maana leza nyingi za mikongo bado zinapachikwa kifaa hiki pembeni, kipande kimoja kimoja, na gharama inabaki juu.

Mawimbi bila umeme

Utando huohuo una kazi nyingine. Ndani yake kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo. Ukiitikisa moja, jirani anatikisika, kama mitumbwi iliyofungwa pamoja mwaloni. Mwanafizikia Felix Bloch aliyaeleza mawimbi hayo mwaka 1930. Yanaweza kubeba taarifa bila umeme kutiririka, kwa hiyo joto ni dogo, jambo ambalo yeyote aliyeshika simu iliyochemka mkononi ataliona la maana.

Kwa kazi hiyo utando hutakiwa kuwa mwembamba zaidi, hadi makumi ya nanomita, na safi mno, maana uchafu kidogo tu unaua wimbi kabla halijafika. Vipande vya majaribio vipo maabara. Kwenye simu za dukani, bado.