Diski Huingia Ghalani kwa Chapa

Katika miji yetu ya Iringa na Mbeya, ambako vyuo vimestawi tangu karne hii ianze, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kikifunguliwa mwaka 2005 na chuo cha ufundi cha Mbeya kikipanda daraja baada ya daraja hata kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, hapana msimamizi wa kompyuta asiyeijua dhiki ya diski iliyojaa. Fedha ya diski haiji kwa mkupuo. Mwaka huu hununuliwa diski moja ya terabaiti 2, mwaka wa pili nyingine ya terabaiti 4, na kila moja hupewa jina lake na kazi yake peke yake, hata ikatukia kwamba diski ya picha imefurika na watu wanafuta kumbukumbu zao kwa majonzi, ilhali diski ya mitihani, iliyo kando yake katika sanduku lile lile, ina nusu nzima iliyo tupu. Dhiki hii si ya uhaba wa mahali. Ni dhiki ya mahali palipotengwa vibaya, na dawa yake imekuwapo kwa zaidi ya miaka 25 kwa kila aitumiaye Linux, bila ya kulipia hata senti.

Dawa hiyo iliandikwa mwaka 1998 na Heinz Mauelshagen, fundi wa Kijerumani, aliyefuata mfano uliokuwa tayari katika mashine za HP-UX. Jina la kifupi la dawa hiyo ni LVM, nami katika makala haya nitaiita ghala, kwa kuwa sijaona neno liisadifulo zaidi. Mkulima wa Ismani au wa Mbozi ajazaye ghala lake haulizi punje hii ilitoka katika gunia gani; aliyataja magunia siku ya kuyapokea, akayapima, akayamimina, na tangu siku hiyo hupima kwa pishi kadiri ya haja ya nyumba. LVM hufanya hivyo hivyo. Diski zote humiminwa pamoja zikawa kundi moja, na kundi hilo hugawanywa kwa vipimo vidogo vilivyo sawasawa, ambavyo kwa desturi kila kimoja ni mebibaiti 4. Wazee wa pwani walihesabu vibaba vinne kuwa pishi moja. Basi msomaji akitaka kukumbuka, mebibaiti ni kibaba na kipimo cha ghala ni pishi, na diski moja ya terabaiti 2 huleta pishi zaidi ya 476,000. Kutoka katika kundi hilo msimamizi hukata volyumu kwa ukubwa autakao, moja ya picha na moja ya mitihani, na ile iliyobanwa huongezewa pishi ilhali watu wanaendelea kuitumia.

Watu wengi husifu kukata na kuongeza, kwa sababu huko ndiko faida inakoonekana. Mimi nimekwisha kuamini, baada ya miaka mingi ya kazi hii, kwamba salama yote au hasara yote imo katika tendo la mwanzo lisilosifiwa na mtu, nalo ni kuiandaa diski kabla haijaingia ghalani. Tendo lenyewe ni la nukta chache, huandikwa kwa amri fupi katika dirisha jeusi la maandishi, na likikosewa halina kurudi nyuma kwa wepesi. Kwa hiyo nitakaa hapo.

Jambo la kwanza ni kuijua diski yenyewe ni ipi. Linux huziita diski kwa majina mafupi, sda, sdb, sdc na kuendelea, na mwanagenzi hudhani kwamba majina hayo ni ya kudumu kama jina la mtu. Sivyo. Ni kama namba za viti vya basi: abiria akishuka Mafinga na kupanda tena, aweza kukaa kiti kingine. Umeme ukikatika usiku, nasi twajua jinsi ukatikavyo masika yakianza, na mashine ikaamka asubuhi ikiziona diski kwa taratibu nyingine, iliyokuwa sdb jana yaweza kuwa sdc leo. Basi kabla ya yote huandikwa `lsblk`, amri isiyodhuru kitu, ambayo huonyesha kila diski, ukubwa wake na vilivyomo. Kisha hutazamwa `/dev/disk/by-id`, ambamo kila diski huonekana kwa jina la kiwanda na namba yake ya mfululizo, ile ile iliyochapwa katika karatasi iliyobandikwa juu ya chuma. Msimamizi mwenye hadhari huisoma namba hiyo kwa sauti, kwenye kioo na kwenye karatasi, kabla hajaandika neno lolote lenye nguvu ya kufuta. Asistaajabu, wala asidhani amepunjwa, akiona diski ya terabaiti 2 imeandikwa 1.8T: muuzaji huhesabu kwa elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024.

La pili ni afya ya diski, hasa zile zilizokwisha kutumika, ambazo hapa kwetu ni nyingi. Amri `smartctl -a` hutoa habari zake zote: imefanya kazi saa ngapi, na sekta ngapi zimekwisha kuhamishwa kwa sababu ya kuharibika. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski iliyozunguka saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila ya kulala, nayo yastahili kupumzishwa, wala haifai kukabidhiwa amana mpya. Wasomaji wa nyanda za juu huniuliza pia kama urefu wa nchi yetu huzidhuru. Swali ni la haki, kwa kuwa kichwa kisomacho ndani ya diski ya sahani hakigusi sahani. Huelea juu ya utando wa hewa ulio mwembamba mara nyingi kuliko unywele, na hewa ikipungua sana utando huo hudhoofu. Lakini viwanda vingi huziruhusu diski zao hadi mita 3,000 hivi, na mji wa Mbeya uko katika mita 1,700, na hata kilele cha Loleza kilichouinamia mji hakifiki mpaka huo. Adui zetu ni vumbi la kiangazi na umeme usiotulia. Baridi na mwinuko tusivisingizie.

La tatu ni kuisafisha. Diski iliyowahi kutumika hubeba alama za maisha yake ya kale, na alama hizo huweza kuidanganya mashine baadaye. `wipefs` ikiandikwa pamoja na jina la diski tu, huonyesha alama hizo bila ya kuzigusa. Ikiongezwa `-a`, huzifuta. Zamani mafundi walizoea kuandika sifuri juu ya sekta ya kwanza kwa `dd`, na kwa ramani za kale ilitosha. Lakini ramani ya kisasa iitwayo GPT huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski, basi aliyefuta mwanzo pekee ameacha mzimu mkiani.

Baada ya hapo huja khitilafu iliyo baina ya mafundi: je, diski nzima itiwe ghalani kama ilivyo, au ichorwe kwanza ramani yenye fungu moja, yaani patisheni, linaloijaza yote? LVM hukubali njia zote mbili. Wapendao njia ya kwanza husema kwamba ni nyepesi, nao hawasemi uongo. Mimi nilikuwa miongoni mwao, hata siku moja ya Juni, katika baridi ile ya Mbeya inayofanya vidole viwe vizito, kijana mmoja niliyemfundisha kazi aliponipigia simu kutoka katika chuo ambacho sitakitaja.

"Shikamoo mwalimu. Ile diski ya pili nimeikuta tupu, nimeshaianzisha upya."

"Marahaba. Nani amekuambia ni tupu?"

"Kompyuta yenyewe, mwalimu."

Naye alisema kweli. Aliichomoa diski ya ghala akaichomeka katika mashine yenye mfumo mwingine wa uendeshaji, na mashine ile, isiyoijua LVM wala isiyoona ramani yoyote mwanzoni mwa diski, ilimwambia kwamba diski haijaanzishwa, ikamtaka idhini ya kuianzisha, naye akatoa. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake. Niliiacha nyumba bila mlango wala jina, kisha nikatumaini kwamba kila mpita njia atajua kuwa ina wenyewe. Tangu siku hiyo kila diski niiandaayo huichorea ramani: kwa `fdisk` au `parted` huandika jedwali la GPT, ambalo ni la lazima kwa diski inayozidi tebibaiti 2, kwa kuwa jedwali la kale haliwezi kuhesabu kupita hapo, huchora patisheni moja ianziayo sekta ya 2048, nayo huipa aina ya LVM, ambayo katika jedwali la kale huandikwa 8e. Aina hiyo haimlazimishi mtu kitu. Ni tangazo tu mlangoni, lakini mashine ngeni ikiliona, haitasema tena kwamba nyumba ni gofu.

Sasa ndipo huandikwa amri ambayo yote yaliyotangulia yalikuwa utangulizi wake: `pvcreate /dev/sdb1`. Kazi yake ni ile ile wafugaji wa bonde la Usangu waifanyayo kwa ng'ombe wao, kutia chapa. Katika sekta ya pili ya fungu lile huandikwa neno LABELONE, na pamoja nalo namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 32 isiyofanana na nyingine yoyote, kisha mebibaiti moja ya mwanzo hutengwa kwa ajili ya daftari la ghala. Yaliyobaki hayaguswi. Amri ikikuta alama ya kale iliyosalia, tuseme ya mfumo wa faili wa ext4, husimama na kusema imeiona katika baiti ya 1080, ikauliza kama iifute. Swali hilo ni rehema. Nimewaona vijana waliojifunza kuongeza `-y` ili wasiulizwe, au `-ff` ili wasikataliwe, nami nawasihi waache: aulizwaye apewa muda wa kutazama tena namba ya mfululizo. Matoleo ya siku hizi huweza hata kuiruka hatua hii, kwa kuwa `vgcreate` yenyewe hutia chapa isipoikuta. Hata hivyo naona heri kuitia kwa mkono, kisha kuandika `pvs` na kuiona diski imeorodheshwa, haina kundi, yote ni tupu, kabla ya kuendelea.

Yanayofuata ni mepesi. `vgcreate ghala /dev/sdb1` huanzisha kundi. Diski ya mwaka ujao ikipatikana, nayo ikiandaliwa vivyo hivyo, `vgextend` huiingiza. `lvcreate -L 200G -n picha ghala` hukata volyumu, na `lvextend -r` huikuza pamoja na mfumo wa faili uliomo. Lakini lazima niseme jambo moja wazi, maana wengi wamedhurika kwa kutolijua. Ghala si nakala. Volyumu iliyotandazwa juu ya diski mbili hupotea au huharibika mojawapo ikifa, basi aunganishaye diski bila kuweka nakala mahali pengine amezidisha milango ya msiba. Diski ikianza kuonyesha uzee huhamwa ingali hai: `pvmove` huhamisha pishi zake zote hadi diski nyingine watu wakiendelea na kazi, `vgreduce` huitoa katika kundi, na `pvremove` huifuta chapa.

Ama diski ya kijana yule, haikupotea. Jedwali jipya lilikuwa limekaa katika sekta za mwanzo, likaifuta chapa na daftari, lakini kijana hakuifomati diski, na data zenyewe zilianzia mbele ya hapo. LVM huweka nakala ya daftari lake katika `/etc/lvm/backup` kila jambo libadilikapo, nayo kwa bahati njema ilikuwa katika diski nyingine. Daftari hilo ni maandishi ya kawaida ambayo mtu aweza kuyasoma kwa macho. Tulilifungua, tukainakili ile namba ya herufi na tarakimu 32, tukairudishia diski chapa yake ya asili kwa `pvcreate --uuid` na `--restorefile`, kisha `vgcfgrestore` ikalijenga upya kundi. Volyumu ziliporudi kijana alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akaniomba nimwelekeze jinsi ya kuhifadhi nakala ya faili lile katika mashine ya pili. Nikamwelekeza usiku ule ule.

Miezi michache baadaye alitakiwa kuzihamisha diski zote tatu kutoka Iringa kuja Mbeya. Alizima volyumu kwa `vgchange -an`, akalifunga kundi kwa `vgexport`, akazifunga diski kwa blanketi, akasafiri nazo mapajani kupitia Makambako na Uyole. Alipozichomeka hakukumbuka ipi ilikuwa ya kwanza. Aliandika `vgimport`, kisha `vgchange -ay`, na iliyokuwa sdb Iringa ikaonekana kwa jina la sdd, katika nafasi yake ile ile ndani ya kundi, pishi zote zikiwa kamili.